Bastola ya stenlesi nayo inataka mafuta

Ndugu Mhariri, salaam.

Nimesoma ile makala yenu ya silaha za kiraia na kwa sehemu kubwa mwandishi kafanya kazi nzuri, mambo ya vibali na kufungia silaha kwenye sefu kayaeleza vizuri, ila kuna sentensi moja pale katikati imenikera kweli, ile anayosema bastola za stenlesi za Kimarekani hazishiki kutu na hazihitaji mafuta, eti unafuta na kitambaa basi imeisha. Mimi ninamiliki bastola za aina hiyo kwa miaka mingi sasa, ninazo tatu, zote zimetengenezwa Marekani na zote nusu-otomatiki (zinajipakia zenyewe ila kila risasi unavuta triga), na za wenzangu nimeshika nyingi tu, kwa hiyo naomba nafasi kwenye ukurasa wenu manake mtu akiyaamini yale maneno ataharibu silaha ya gharama na kibaya zaidi atabaki na silaha ambayo siku akiihitaji imekwama.

Tuanze na chuma chenyewe. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromi, angalau asilimia 10.5 hivi, na hiyo kromi ikikutana na hewa inatengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma, huioni kwa macho, ndo inayozuia kutu. Ukiikwaruza inajiotea tena yenyewe mradi kuna hewa. Hapo watu wengi wanaishia, wanasema basi sawa, kijiko changu cha jikoni miaka yote hakijashika kutu na bastola itakuwa hivyohivyo. Hapana jamani. Kijiko kizuri kina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama 8, ni chuma laini, huwezi kukichoma moto kikawa kigumu. Silaidi ya bastola, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, inapigwa na kurudishwa kwa nguvu kila risasi inapotoka, inataka chuma kinachokubali kukomazwa kwa moto, kwa hiyo viwanda vinatumia stenlesi za kundi lingine, zile za namba 400 kwenda juu kama 410 na 416, au ile wanaita 17-4, na hizo zinalindwa na kutu kidogo kuliko kijiko. Hiyo 416 ndo wanaongezea na salfa ili ichongeke kirahisi kwenye mashine, na salfa hiyohiyo inapunguza uwezo wa kukataa kutu. Chukua sumaku uijaribu, kijiko kizuri mara nyingi hakiishiki lakini silaidi ya bastola inanasa mara moja. Ni vyuma viwili tofauti kabisa.

Alafu kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko kutu na mwandishi hakuligusa kabisa, nalo ni vyuma kulana. Stenlesi ikisuguana na stenlesi mwenzake wa ugumu uleule, bila kitu katikati, vile vingozi vinatoka, chuma kinagusana uchi na chuma, vinashikana kama vimechomelewa kisha vinachanana, unabaki na mikwaruzo mirefu na vipande vya chuma vimehamia upande wa pili. Kwenye bastola ya nusu-otomatiki silaidi inakimbia juu ya reli za fremu, yaani mwili wa chini wenye mpini, kwenda na kurudi kila ukipiga, kwa hiyo reli ndo mahali penyewe. Chuma cha kawaida kinavumilia ukame kidogo, stenlesi haivumilii. Yaani kwenye jambo la mafuta stenlesi inataka uangalizi ZAIDI ya chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida kilichotiwa weusi, sio pungufu, ndo maana ile sentensi imeniuma.

Historia yenyewe inaonyesha hivyo. Stenlesi ilipatikana Sheffield kule Uingereza mwaka 1913, Harry Brearley alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka, kwa hiyo uhusiano wa hiki chuma na silaha ni wa tangu siku ya kwanza. Lakini ilichukua miaka zaidi ya hamsini mpaka kampuni ya Smith & Wesson walipotoa Model 60 mwaka 1965, na ile ilikuwa rivolva, haina silaidi, haina reli, gudulia la risasi linazunguka tu. Bastola za silaidi zikafuata baadaye kwa tabu. Mwanzoni mwa miaka ya 70 kulikuwa na Auto Mag ya Harry Sanford kule California, likitu likubwa la kaliba (unene wa risasi) ya .44, kampuni ikafilisika mapema. Sanford huyohuyo akaja na kampuni ya AMT na mwaka 1977 wakatoa bastola ya Hardballer, umbo lile la Colt 1911, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, lakini stenlesi kuanzia fremu mpaka silaidi. Katika kipindi hicho cha mwanzo ndo sifa mbaya ya vyuma kulana ilipozaliwa, na mafundi wa zamani mpaka leo ukiwatajia 1911 ya stenlesi ya miaka ile wanauliza kwanza reli zikoje. Miaka ya 80 wakatokea kampuni ya Randall, nao California, walidumu kama miaka miwili tu, 1983 mpaka 1985, lakini waliifanyia kazi shida hiyohiyo na juu ya hapo wakatengeneza 1911 za watu wa mkono wa kushoto, tundu la kutolea maganda limehamishiwa upande wa pili, mimi nawaheshimu sana kwa hilo. Colt wenyewe nao wakaja na Government Model ya stenlesi miaka hiyohiyo ya 80.

Dawa waliyoipata viwandani ni kutofautisha ugumu, silaidi inakomazwa kivyake na fremu kivyake, au wanatumia aina mbili tofauti za stenlesi, na nafasi kati ya reli inapimwa upya. Kwa hiyo bastola za siku hizi shida imepungua sana. Imepungua lakini haijaisha, fizikia ni ileile.

Sasa nije kwenye zangu. Ya kwanza ni 1911 ya .45 ya magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ya risasi saba, kampuni siitaji, niliipata mitumba kutoka kwa bwana mmoja aliyekuwa anaiamini kama mwandishi wenu anavyoamini, kwamba stenlesi haina matunzo. Kwa nje inang'aa vizuri mno, ungeiona ungeipenda. Nilipoitoa silaidi nikaipitisha kucha kwenye reli ya kushoto, kucha ikakwama. Michirizi mirefu, na kwenye fremu pembeni kuna kaukoko ka chuma kamejibandika. Fundi aliondoa kile kilichojibandika kwa jiwe la kunolea lililo laini sana, taratibu, bila kugusa sehemu nzima, akaniambia tangu leo grisi, sio mafuta mepesi ya cherehani, grisi. Na kweli tangu wakati ule michirizi haijaongezeka na bastola inapiga vizuri mpaka leo. Grisi kidogo kama punje kwenye kila reli, unaivuta silaidi mara kadhaa isambae, ya ziada unafuta. Mafuta mepesi kwenye stenlesi yanakimbia, hasa sehemu za joto, yanashuka yote chini ukiisimamisha kwenye sefu, ukirudi baada ya mwezi reli ni kavu.

Ya pili ndo kipenzi changu, Smith & Wesson 5906, ya tisa milimita, magazini ya risasi kumi na tano. Wasioijua, hii ni ya kizazi cha tatu cha hiyo kampuni, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 80, na namba zake zina maana, 59 inakwambia ni tisa milimita ya magazini nene, na ile 6 ya mwisho inakwambia ni stenlesi mwili mzima. Ukiona inaishia na 3, kama 3913, hiyo silaidi ni stenlesi lakini fremu ni alumini, na kwenye kununua ni muhimu kujua manake uzito na matunzo ni mambo tofauti. Ndugu zake ni akina 4006, ambayo ilikuja na kaliba mpya ya .40 mwaka 1990 na askari wa barabara kuu za California wakaichukua, na 5946 ambayo polisi wa Kanada, wale RCMP, waliichukua na kukaa nayo miaka mingi sana. Askari wa nchi ile wanafanya kazi kwenye mvua na theluji, hawakuichagua kwa sababu ya kung'aa.

Hii 5906 ni nzito, tusidanganyane. Inazidi kilo moja kidogo ikiwa tupu, wakati Glock 17 ya fremu ya plastiki haizidi sana gramu 700. Ukiivaa kiunoni kutwa nzima mgongo unajua, mkanda lazima uwe mgumu. Ila ukienda uwanja wa shabaha ule uzito unakulipa, mshtuko unamezwa na chuma, saiti ya kulengea inarudi mahali pake yenyewe, mke wangu ambaye hapendi kabisa mshindo wa bastola, hii anaipiga bila kulalamika. Triga yake ya kwanza ni ndefu na nzito kwa sababu inainua nyundo yenyewe, zinazofuata ni fupi na nyepesi, inabidi uzoee hiyo tofauti, na watu wengi wanakosa risasi ya kwanza kwa sababu hiyo. Wenye kuianza naomba wafanye mazoezi ya risasi ya kwanza tu, nyundo chini, piga moja, shusha nyundo kwa lever, rudisha lever juu, piga moja tena.

Na hiyo lever nayo nielezee. Iko kwenye silaidi, ukiishusha inalaza nyundo bila kupiga pini, huna haja ya kushika nyundo kwa kidole gumba huku unavuta triga kama baadhi ya watu wanavyofanya kwenye 1911, jambo ambalo naliogopa na ninamkataza kila mtu anayenisikia. Kitu kingine, bastola nyingi za hiki kizazi ukitoa magazini haipigi hata kama kuna risasi kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Usiitegemee! Mtu anazoea alafu anahamia bastola nyingine isiyo na hicho kifaa, kama 1911, anatoa magazini anadhani yuko salama, kumbe risasi imebaki ndani. Utaratibu ni mmoja kwa bastola zote, magazini kwanza, ndo silaidi nyuma, angalia chemba kwa macho alafu ingiza kidole uhakikishe, na usibadilishe mpangilio manake ukivuta silaidi kabla ya kutoa magazini unaingiza risasi nyingine juu.

Mtu akinunua 5906 ya mitumba anaweza kukuta magazini imeandikwa maneno ya Kiingereza kwamba ni ya polisi na serikali tu, wengi wanashtuka wanadhani ni mali ya wizi. Sio lazima. Marekani walikuwa na sheria kuanzia Septemba 1994 mpaka Septemba 2004 iliyozuia raia kuuziwa magazini mpya zinazozidi risasi kumi, kwa hiyo zilizotengenezwa kwa ajili ya polisi miaka ile zilipigwa chapa hiyo. Sheria ilipokwisha muda wake chapa zikabaki. Uliza sheria ya kwenu inasemaje kuhusu idadi ya risasi, hilo ndo la kuulizia.

Ya tatu ni Ruger Mark II ya .22, stenlesi, ya mazoezi. Sina mengi, haichoki, risasi zake ni nafuu, mwanangu mkubwa amejifunzia hapo shabaha nikiwa nimesimama pembeni yake. Risasi za .22 ni chafu, zinaacha masizi na nta, stenlesi inakusaidia kuona uchafu uko wapi kwa sababu weusi unaonekana wazi kwenye chuma cheupe. Basi.

Turudi kwenye kutu manake wapo watakaosema mimi nazungumzia reli tu. Jamaa yangu mmoja alikuwa anahifadhi ya kwake kwenye holista ya ngozi, ule mfuko wa kuvalia bastola kiunoni, ndani ya droo, miezi na miezi. Ngozi inatengenezwa kwa dawa na chumvi, inanyonya unyevu wa hewa inaukumbatia pale kwenye chuma, na hewa haizunguki, kwa hiyo ile ngozi ya kromi haijirudishi. Alipoitoa upande mmoja wa silaidi ulikuwa na vidoti vya kahawia, alivyovifuta vikabaki vishimo vidogo vidogo. Hivyo vishimo havitoki tena, ni chuma kimeliwa. Na ubaya wa stenlesi ni kwamba mara nyingi haipati kutu ya kusambaa ambayo utaiona mapema, inatobolewa pointi moja moja kwenda chini. Adui mkubwa ni kloridi, yaani klorini ya kwenye chumvi, iko kwenye jasho, iko kwenye hewa ya bahari, iko kwenye jiki. Nasisitiza jiki kwa sababu nimewahi kumsikia mtu anashauri kuloweka sehemu za bastola kwenye jiki ili zitakate, tafadhali sana msifanye hivyo, mtaiua.

Na sio kila kitu ndani ya bastola ya stenlesi ni stenlesi. Springi, pini ndogo, mara nyingine saiti na nyundo, vingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi au kuchovywa. Kutu inaanzia huko ndani ambako hukuoni, chini ya mpini, nyuma ya springi ya nyundo. Nje bastola inang'aa kama jana, ndani pini imeshika. Ukinyeshewa au ukitoka jasho sana toa mpini ukaushe pale chini, pitisha kitambaa chenye mafuta, rudisha. Mpini wa mpira ndo unaficha maji kuliko wa mbao.

Kuhusu kusafisha, nina maoni makali kwenye kitu kimoja, steelwool ile ya kawaida ya kusugulia masufuria isiguse bastola ya stenlesi kabisa. Inaacha vinyuzi vya chuma cha kawaida vilivyojikita kwenye uso, baada ya siku chache vinashika kutu na wewe unadhani bastola ndo imeshika. Tumia brashi ya nailoni au ya shaba. Mikwaruzo midogo ya nje, na hii ndo raha kubwa ya stenlesi ambayo chuma cheusi hakina, unaitoa mwenyewe nyumbani kwa kile kitambaa kigumu cha nailoni cha kijivu, unafuata mstari uleule wa kiwandani, mbele nyuma mbele nyuma, usizungushe, na mkwaruzo unapotea. Chuma cheusi ukikwaruza ni mpaka kipakwe upya. Bastola ya zamani ya stenlesi unaweza kuirudisha ikaonekana mpya kwa jioni moja. Ila usisugue karibu na namba ya silaha, hata kidogo, namba ikififia utakuwa na maelezo marefu ya kutoa kwa polisi na watakuwa na haki ya kukuuliza.

Wapo wanaolalamika stenlesi inamulika juani. Ni kweli kama imepigwa polishi, saiti za juu zinakuzingua macho, lakini nyingi zimepulizwa na vishanga vya kioo kiwandani zikawa na weupe uliokufa, hizo hazisumbui. Ukinunua kwa ajili ya kazi chukua hiyo iliyofubaa.

Kwa anayetafuta ya mitumba sasa, kabla hujatoa hela omba uitoe silaidi. Muuzaji akikataa ondoka. Angalia reli nne zote, za fremu na za ndani ya silaidi, mng'aro sawasawa wa kusuguana ni kawaida, michirizi ya kukwama kucha sio kawaida. Tazama chemba na mdomo wa mtutu kwa tochi. Ifunge, ivute polepole sana bila springi kama inawezekana, usikie kama kuna mahali inakwama kwa mchanga mchanga. Toa mpini uangalie kule chini. Alafu magazini, midomo yake isiwe imepanuka, na springi isiwe imelegea, kwa bastola hizi za zamani magazini ndo chanzo cha kukwama mara nyingi kuliko kitu chochote, watu wanailaumu bastola bure.

Mhariri, naomba mwandishi arekebishe ile sentensi kwenye toleo linalokuja, sio kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya aliyenunua juzi na akaikata ile makala akaiweka. Na kama mna fundi silaha anayekubali kuandika, mpeni nafasi aongelee springi, springi ya silaidi inabadilishwa baada ya risasi ngapi kwa kila kaliba na unaijuaje ikichoka, manake kwenye hilo kila mtu ninayemuuliza ana jibu lake, na maganda yakianza kurushwa mbali kuliko ilivyokuwa zamani wengi wanafurahi wanadhani bastola imekuwa na nguvu, kumbe ni springi imechoka.

Msomaji wenu wa siku nyingi.